Swali: wafugaji wa kule kwenye barafu walifanyaje mafuta yalipoingia kwenye malisho yao?

MtotoWaWanseko

Jamani habari za wikendi. Nina swali, naomba wenye kujua mambo ya nchi za mbali wanisaidie, hasa mlioko Ulaya au mliosoma jiografia vizuri, maana mimi niliishia S4.

Mimi ni wa Buliisa, Uganda, nyumbani ni upande wa Wanseko, baba ni mfugaji tangu azaliwe. Juzi pale kwa kinyozi mtu alituonyesha video ya kaskazini kabisa ya Urusi, huko ni barafu tupu, watu wake wanafuga wanyama kama paa wakubwa wenye pembe za matawi. Basi kundi zima, mamia, limefika kwenye bomba la gesi limesimama. Hawavuki, hawarudi. Mzee mmoja amevaa koti la ngozi anatembea huku na huku anatafuta pa kuwapitisha. Wenzangu wakaendelea na habari za mpira, mimi nikabaki nimeduwaa, maana kwa yule mzee nilimuona baba yangu kabisa.

Niwaeleze kwa nini. Kwetu malisho hayakuwa ya mtu mmoja, yalikuwa ya ukoo, ya wote. Ng'ombe asubuhi wanashuka ziwani kunywa, jioni wanapanda, njia ile ile ambayo babu aliipita na baba yake aliipita, imechimbika mpaka imekuwa kama mfereji. Walipokuja watu wa mradi wa mafuta walihesabu nyumba, miembe, mihogo, hata makaburi waliyaandika. Njia ya ng'ombe hawakuiandika. Baba aliuliza akaambiwa nyasi haijapandwa na mtu kwa hiyo hailipwi. Sasahivi pale kuna uzio, tunazunguka na barabara ya lami, zamani ilikuwa kama nusu saa kufika majini sasa ni zaidi ya saa mbili na malori yanapita kasi, tumeshagongewa ndama wawili. Tuna ng'ombe mzee tunamwita Bihogo, yeye ndiye anaongoza kundi. Mpaka leo ukimfungulia asubuhi anaenda moja kwa moja kwenye uzio pale njia ilipokuwa, anaweka kidevu juu ya waya anasimama. Kila siku. Lazima mtu amshike pembe amgeuze, na huyo mtu ni mimi.

Sasa swali. Hao wa kwenye barafu mafuta na gesi viliwafikia miaka mingi kabla yetu. Njia zao zililipwa? Walidai nini wakapata, na nini walichelewa kudai? Mwezi ujao tuna mkutano kijijini na wazee wameniambia niandike ya kusema, na sitaki kwenda pale na machozi tu.

NesiWaFinnmark

Pole sana kaka, na mzee mpe pole. Mimi ni wa Masindi ila huu ni mwaka wa nane niko Norway ya kaskazini, nauguza kwenye nyumba ya wazee, na wazee wangu wengi ni Wasami, ndio wenyeji wa huku, wafugaji wa hao wanyama uliowaona. Wanaitwa rendia. Wale wa kwenye video yako nadhani ni Wanenets wa rasi ya Yamal, maana huko ndiko gesi ya Urusi inatoka kwa wingi na kiwanja kikubwa cha Bovanenkovo kimekaa katikati ya njia zao za kuhama. Hao wanaishi kwenye mahema ya ngozi, wanapanda kaskazini majira ya joto na kurudi kusini baridi ikianza, mamia ya kilomita kila mwaka, familia nzima na mizigo kwenye sileji, yaani vigari visivyo na magurudumu vya kuburutwa juu ya theluji.

Mtu wa nje akiangalia ile nchi anaona jangwa jeupe, anasema hapa hakuna kitu tuchimbe. Kosa linaanzia hapo. Rendia wakati wa baridi anakula kuvumwani, vimmea vya rangi ya kijivu vilivyolala chini ya theluji, anavifukua kwa kwato mpaka unaona theluji imejaa mashimo kama mahali kuku walipopekua. Kuvumwani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Gari likipita juu yake unangoja miaka mingi mno kupata malisho tena, mtoto atazaliwa na kuoa kabla hayajarudi. Na huwezi kumwambia mfugaji ahamie pale jirani, kwa sababu pale jirani ni malisho ya mwenzake, au ni ya msimu mwingine.

Halafu jike mwenye ndama mchanga ni mwoga kuliko wote, anaepuka barabara na mabomba hata kwa kilomita kadhaa. Kwa hiyo kwenye ramani ya mradi unaona kikiwanja kidogo kama kiganja, lakini ardhi aliyoipoteza mnyama ni kubwa mara nyingi kuliko hiyo, na hiyo haiandikwi popote. Mwambie baba hilo, atalielewa haraka kuliko sisi tuliosoma.

Kuhusu kuchelewa. Kuna sehemu inaitwa Fosen, iko chini zaidi kuliko huku kwetu lakini ni malisho ya Wasami pia, walisimamisha mitambo 151 ya umeme wa upepo kwenye malisho ya baridi. Siyo mafuta hata, ni umeme safi, ule tunaousifia wote. Wafugaji wakaenda mahakamani, na tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya Norway, majaji 11 bila hata mmoja kupinga, ikasema leseni si halali, inavunja haki ya Wasami kuishi utamaduni wao. Walishinda! Lakini siku ya hukumu mitambo ilikuwa imeshasimama inazunguka. Siku 500 zikapita, Februari 2023 vijana wa Kisami wakaenda kukaa sakafuni ndani ya wizara Oslo wamevaa mavazi yao ya asili. Mwisho wake yalikuwa makubaliano, Desemba 2023 upande mmoja na Machi 2024 upande mwingine, wakapewa fidia na ahadi ya malisho mengine, mitambo ikabaki pale pale. Haki waliipata kwenye karatasi, chuma kilikuwa kimeshachimbiwa chini.

Nina bibi mmoja ninayemhudumia, kumbukumbu imemtoka, watoto wake mwenyewe anawaita majina ya ndugu zake waliokufa. Lakini ukimpa kalamu anachora mto, kilima, mahali pa kuvukia na mahali pa kuzalishia, kila mara vile vile. Namtunzia zile karatasi kwenye droo, zimekuwa nyingi, siwezi kuzitupa.

FundiChuma_Hoima

Mimi nachomelea mabomba, siongei kwa niaba ya kampuni yoyote hapa, ila naona tutenganishe mambo mawili.

Alaska, jimbo la kaskazini la Marekani, mafuta yaligunduliwa sehemu inaitwa Prudhoe Bay mwaka 1968, bomba likajengwa 1975 mpaka 1977, kilomita 1,287 hadi bandari ya Valdez. Tatizo lao ni ardhi. Kule chini udongo umeganda miaka maelfu, wanaita pamafrosti, mgumu kama zege, lakini mafuta yakitoka kisimani ni ya moto. Ukilifukia bomba la moto kwenye udongo ulioganda unayeyuka unakuwa uji, bomba linazama linapinda linapasuka. Ndio maana zaidi ya nusu ya njia, kama kilomita 676, waliliinua juu ya nguzo, nguzo zenyewe ni kama 78,000, na nyingi ndani zina mirija yenye amonia inayotoa joto la udongo na kulipeleka hewani ili chini pabaki pameganda. Hiyo kazi naiheshimu sana kama fundi. Na waliweka sehemu maalumu, nyingine bomba limeinuliwa zaidi, nyingine limefukiwa, ili wanyama wapite. Njia ya mnyama iliingia kwenye mchoro KABLA ya chuma, hilo ndilo nataka ulishike.

Letu la kutoka Kabaale hapa Hoima mpaka Chongoleani Tanga ni kilomita 1,443, linafukiwa, na linapashwa moto kama nyuzi 50 maana mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda kama samli. Likishafukiwa na udongo kurudishwa ng'ombe anapita juu. Kwa hiyo ndugu yangu Bihogo hazuiwi na lile bomba kubwa, anazuiwa na uzio wa eneo la visima na barabara. Hayo ni mambo ya kudai tofauti, na uzio ni rahisi kuuwekea geti au kuusogeza kuliko bomba. Usiende mkutanoni ukasema bomba bomba, watakujibu kitaalamu watakunyamazisha.

Ila sitakudanganya kwamba chuma hakina shida. Machi 2006 huko huko Prudhoe Bay bomba lililiwa na kutu kwa ndani, likavuja siku kadhaa bila mitambo kushtuka, karibu lita laki nane zikamwagika kwenye tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, na aliyegundua ni mfanyakazi aliyesikia harufu. Mtu na pua yake! Na Norilsk kule Urusi, tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli lilititia, tani kama 21,000 zikatoka, mto ukawa mwekundu. Kampuni ikasema ni udongo ulioganda umeyeyuka chini ya nguzo. Mahakama ikawapiga faini ya pesa ya Urusi, ruble bilioni 146, kama dola bilioni mbili, wakalipa. Pesa ililipwa ila samaki huwalipi.

BodaKikuube

Kwani hao wa Alaska si wanapewa pesa kila mwaka kila mtu mpaka mtoto mchanga? Sisi hata barabara tunaambiwa tushukuru. Hilo ndo la kudai bana mengine tunapoteza muda.

MsaidiziWaMifugo

Naongeza moja tu la upande wangu. Mwaka 2016 kule Yamal majira ya joto yalizidi, nyuzi zikapanda hadi 35 sehemu ya baridi kama ile, udongo ulioganda ukalegea na KIMETA kikalipuka. Ndio, kimeta hiki hiki tunachokijua, kilichoua viboko hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004. Mzoga uliokufa miaka mingi nyuma ukiwa umezikwa kwenye barafu unatunza ugonjwa kama friji. Rendia zaidi ya 2,000 walikufa na mtoto wa miaka 12 akafa. Chanjo ilikuwa imesimamishwa tangu 2007 kwa sababu ugonjwa ulikuwa haujaonekana muda mrefu.

Na kabla ya hapo, Novemba 2013, mvua ilinyesha juu ya theluji halafu ikaganda, ikawa kama kioo, rendia wakashindwa kufukua, wakafa njaa kama 61,000 wakiwa wamesimama juu ya chakula chao. Mvua na joto haviletwi na kisima kimoja, najua, lakini zamani mfugaji akiona barafu imefunga upande huu anahamisha kundi upande ule. Sasa upande ule kuna reli na bomba na mitambo. Akikosa pa kukimbilia, mwaka mbaya mmoja unammaliza. Kwetu badala ya barafu weka kiangazi kirefu, ni hesabu ile ile.

MzeeWaBombo

Asalaam aleikum wote. Mwanangu wa Wanseko nimesoma maneno yako mara mbili, na habari ya huyo ng'ombe imenikaa moyoni. Nilifanya kazi ya ofisi za ardhi miaka mingi kabla ya kustaafu, nikueleze ninachokijua bila haraka.

Kwanza nimjibu huyu kijana wa boda. Ni kweli, Alaska walibadilisha katiba yao mwaka 1976 wakaanzisha mfuko, na hundi ya kwanza kwa kila mkazi ilitoka 1982, dola 1,000. Lakini hiyo ni ya wakazi wote wa jimbo, hata aliyehamia kutoka mbali akishakaa mwaka mzima. Siyo malipo ya malisho wala ya mawindo ya wenyeji. Usichanganye pesa ya kugawana na haki ya mwenye ardhi, wanaokutawala watafurahi sana ukichanganya.

Wenyeji wao walipata kitu kwa njia nyingine. Mafuta yalipogunduliwa 1968 bomba halikuweza kujengwa kwa sababu madai ya ardhi ya wenyeji yalikuwa hayajamalizwa, na wenyeji walishayafungua kabla. Huo ndio ulikuwa mkono wao. Serikali na makampuni walikuwa na haraka, wao hawakuwa na haraka. Desemba 1971 ikapita sheria, wakapata ekari milioni 44 na dola milioni 962.5. Ila angalia walivyofungwa: ardhi haikupewa koo wala vijiji kwa desturi yao, ilipewa makampuni waliyoundiwa, na hisa wakapewa waliozaliwa mpaka tarehe 18 Desemba 1971. Mtoto aliyezaliwa wiki moja baadaye hakuwa na hisa, mpaka arithi au kampuni ipige kura kumwingiza. Ndugu wa tumbo moja, mmoja mwenye ardhi mmoja hana. Kwa hiyo ukienda kudai jina la malisho liandikwe, uliza kabisa na wajukuu wataingia kwa mlango gani.

Kitu cha pili walichofanya, na mimi hiki ndicho nakipenda zaidi, mwaka 1972 Wainupiat, wenyeji wa kaskazini ya Alaska, wakaunda serikali yao ya wilaya, North Slope Borough, ikawa inatoza kodi mitambo ya mafuta iliyo kwenye ardhi yake. Kwa kodi hiyo vijiji vilivyokuwa vinamwaga choo kwa ndoo vikapata maji ya bomba, shule, zahanati. Hapa kwetu sheria ya fedha ya 2015 imeweka asilimia 6 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa mafuta wanayotoa, kwa serikali za mitaa za maeneo ya mafuta, na asilimia 94 inabaki serikali kuu. Diwani wako anajua hilo? Muulize mbele ya watu.

Lakini wasikuambie pesa imemaliza mambo. Kuna kijiji kinaitwa Nuiqsut, familia 27 zilirudi kukianzisha upya 1973 kwa ajili ya kuwinda na kuvua. Sasa mitambo imewazunguka. Machi 2022 gesi ilivuja kwenye kiwanja kilicho jirani nao, familia nyingine zikaondoka na watoto. Mwaka uliofuata mradi mkubwa zaidi ukaidhinishwa. Na wenyewe hawasemi kwa sauti moja: kuna wanaotaka kazi na kodi, kuna wanaosema rendia wa porini wamehama. Jirani zao Wagwich'in wanaotegemea wanyama hao wamepinga uchimbaji kwenye hifadhi ya mashariki kwa miaka mingi, na Wainupiat wa pale pale wengi wameuunga mkono. Hata kwenu itakuwa hivyo, aliyepata kazi ya ulinzi na aliyepoteza malisho watakaa benchi moja kwenye mkutano. Usimfanye mwenzako adui.

La mwisho. Kanada miaka ya 70 walitaka kupitisha bomba la gesi bonde la mto Mackenzie. Serikali ikamteua jaji, Thomas Berger. Huyu hakukaa mjini kungoja watu. Alikwenda vijiji na miji 35, akakaa kwenye majumba ya mikutano na kambi za uvuvi, akawasikiliza wazee na wavuvi wakieleza wanapita wapi na wanawinda nini, na redio ikawa inatangaza jioni kwa lugha zao ili kijiji cha jirani kisikie. Wazee waliweka ramani mezani wakaonyesha mistari ya mitego na njia za wanyama. Mwaka 1977 akasema: upande wa Yukon kaskazini bomba lisipite kabisa, na bondeni wangoje miaka 10 mpaka madai ya ardhi yamalizwe. Lile bomba halijajengwa mpaka leo. Nasema haya kwa sababu mtu aliposimama na ramani yake mwenyewe, aliandikwa.

Sheria yetu ya ardhi ya 1998 inaruhusu watu wenye ardhi ya pamoja kusajili chama cha ardhi ya jumuiya. Na katiba ibara ya 26 inasema fidia ya haki ilipwe kabla ya kuchukuliwa. Nenda na hivyo viwili.

MtotoWaWanseko

Mzee shukrani sana, dada Nesi shukrani, wote. Nimeyaprinti yote kwa wino wa deni pale kwa jamaa wa fotokopi.

Fundi nimekuelewa na umenisaidia, kweli tulikuwa tunasema bomba bomba. Lakini na mimi nikuambie, ukisema ng'ombe atapita juu baada ya kufukia, ni kweli kwa ng'ombe wa kupita tu. Wetu hawapiti tu, wanakula wakitembea, nusu ya chakula chao cha siku kilikuwa kwenye ile njia, alichosema dada cha ardhi kubwa kuliko kiwanja ndicho hicho hicho. Huku kwenye lami hakuna kitu cha kuokota, wanafika majini wana njaa wanarudi wana njaa. Mwaka jana maziwa tulikuwa tunauza dumu mbili, saa hii moja haijai. Hiyo nimeiandika kwenye daftari kwa tarehe, siku kwa siku tangu Januari, nitaenda nayo.

Jana usiku nilimsomea baba, namtafsiria kwa Lugungu. Hakuuliza habari za dola. Aliuliza yule mzee wa kwenye video alipata pa kupita? Nikamwambia video iliisha kabla. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akachukua fimbo yake akaanza kuchora chini pale uani, kutoka zizini mpaka ziwani, anataja kila mahali kwa jina, mti wa kivuli cha mchana, bwawa la Machi, mahali kaka yake aliumwa na nyoka, mahali ng'ombe wa kuzaa wanapenda kulala. Majina mengine sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Nilihesabu 14. Mama akaleta taa nikapiga picha kabla kuku hawajaamka kuifuta.

Jumamosi tunaitembea yote, mimi na baba na wazee wengine wawili, simu inarekodi mpaka tufike kwenye uzio, na upande wa pili watachora kwa kukumbuka. Fundi kama unamjua mtu wa kuulizwa habari ya geti la mifugo, nitumie namba inboksi, siyo hapa.